Joto Chini ya Simiti

Mwaka wa 1974, nikiwa na miaka kumi na moja, baba alikufa na shule yangu ikaishia hapo, darasa la tatu. Nilikuja Kiserian kuchonga mawe. Asubuhi tulioga maji ya pipa yaliyolala nje, baridi inaingia mpaka kwa meno. Nikajiapia kwamba siku moja nitajenga nyumba yangu, nifungue mfereji, na maji yatoke moto bila kuni. Wenzangu walinicheka. Wacheke.

Nyumba niliijenga Kitengela, mawe yote nimechagua mwenyewe. Juu ya paa nikaweka sola ya kuchemsha maji. Nyuma nikamjengea mama mkwe chumba, kwa sababu nyumba yake huko Ukambani ilikuwa imeanguka na mke wangu ndiye mtoto wake wa pekee. Miaka yote aliyokaa, mguu wangu haukukanyaga chumba hicho. Kwetu mwanaume haingii mahali mama mkwe analala. Nilikuwa nasimama uani, naangalia pembeni, nasalimia. Yeye alikuwa anajibu kitu kimoja tu: "Baridi ya huku itaniua."

Alikufa mwezi wa sita. Tulimzika kwao, tukatoa kitanda, tukafunga mlango. Mwezi uliofuata, Julai, maji ya moto yakaanza kupotea.

Jioni tangi ni moto, asubuhi linatoa uvuguvugu. Nilipanda paa. Vioo vya sola vizima, tangi halivuji. Nikafunga koki ya maji ya moto, iliyo kwa ukuta wa nyuma, nikaiacha hivyo mpaka asubuhi. Tangi likaamka moto kama chai. Kwa hivyo shida si sola. Maji yalikuwa yanatumika ndani ya nyumba. Na nani? Tulikuwa wawili tu, watoto walishatoka.

Jumapili mke wangu akaenda kanisani, mimi nikabaki. Nilifungua ile koki, nikafunga mifereji yote, nikaweka sikio kwa ukuta. Maji yalikuwa yanatembea. Polepole, kama mtu anayeoga akiogopa kusikika. Nikafuata ile sauti na kiganja, ukuta kwa ukuta, mpaka kwa mlango wa kile chumba. Ulikuwa wazi.

Mke wangu alikuwa amelala chini kwa simiti, na nguo za kanisa.

"Si ulienda kanisani?"

"Vua viatu uje uguse hapa."

"Siingii huko. Unajua vizuri."

"Mzee, kuna joto. Pale pale kitanda kilikuwa. Kwingine kote ni baridi."

"Ni paipu imepasuka."

"Na hiyo paipu ilijuaje mahali mama alikuwa analala?"

Nilizunguka nje. Ukuta wa nyuma wa kile chumba ulikuwa na ufa wa kuingia kidole. Huku kwetu ni udongo mweusi: ukinywa maji unavimba, na ukivimba unainua nyumba. Nikarudi mlangoni nikasema kesho napasua sakafu.

"Pasua," akasema, "na mimi naenda kwetu."

"Kwenu wapi? Nyumba si ilianguka?"

"Nitalala hapo ilipoangukia."

Huyo mwanamke sijawahi kumwona akitisha bure.

Nilimwita kutoka Kajiado fundi aliyeweka zile paipu. Aliweka kiganja pale chini, akakiondoa haraka. "Mzee, mimi sikupitisha kitu hapa. Paipu yangu ilipita kwa ile kona." Akasema labda maji yanatokea konani yakifuata njia chini kwa chini. Labda. Tukakubaliana hakuna kupasua. Ile paipu ya zamani ifungwe koki na isifunguliwe tena, na mpya ipite nje, juu ya ukuta.

Fundi alipoinua mkono kufunga, mke wangu alikuwa ameshaishika koki. "Mwambie mama kwanza," akaniambia. "Wewe ndiye unamnyima. Mwambie wewe."

Nimegombana na matajiri wa mawe na sikuogopa mtu. Hapo nilivua viatu.

"Hodi, mama." Nikaingia. Macho yaliangalia pembeni, kama zamani. "Mama, nafunga maji. Si kwa ubaya. Nyumba itatuangukia, na binti yako hana nyingine."

Nilipotoka, fundi alikuwa anajifanya anatafuta spana. Mke wangu akaachilia koki.

"Funga," akasema.

Maji ya moto hayapotei tena. Ufa niliuziba na haujafunguka. Ile sakafu ilipoa polepole, kama chakula kilichoachwa mezani. Mke wangu hakuenda popote.

Lakini Julai imerudi, na juzi mchana nilimpata mke wangu kwa kile chumba tena, ameketi chini. Sikumuuliza kitu. Niliinama nikaweka kiganja: joto. Nikatoka nikaangalia koki, nikarudi, nikatoka tena nikaiangalia. Imefungwa.

Leo niko na nyumba ya mawe Kitengela. Niko na ploti za kupangisha Kajiado, lori moja, ng'ombe wachache, sola inayofanya kazi. Niko na mke. Na chumba cha nyuma, ambacho siingii na viatu, wala bila kupiga hodi.