Hakuna Aliyemjulia Hali Shemeji

Kwetu Mwabungo mgonjwa haachwi peke yake. Dada yangu alipoanza kutiwa dawa za saratani ya titi, wanawake wa kijiji walikuja kumjulia hali asubuhi, wengine wakaja baada ya Alasiri, na wale wa asubuhi wakarudi tena kuhakikisha kwamba wa Alasiri wamekuja kweli. Mimi nilikuwa mmoja wao, tena wa kukaa sana.

Aliyetupokea sote ni shemeji yangu, mume wa dada, fundi wa kushona kanzu. Alikuwa amekifunga kibanda chake cha barabarani na kuleta cherehani nyumbani, ashone huku akimsikilizia mkewe. Lakini ashone saa ngapi? Kila mgeni alitandikiwa mkeka na kutiliwa chai ya tangawizi. Mgeni akitoka, shemeji alirudi kumkosha dada miguu, kumpikia uji, kumwaga beseni la matapishi na kufua shuka. Niliwahi kumwambia aniachie mimi zile shuka. Akacheka, akasema nisimnyang'anye kazi ya kumhudumia mkewe. Nilikuwa namheshimu siku zote, lakini siku ile nilimwonea fahari.

Tukimuuliza shemeji mgonjwa ameamkaje, alitueleza kwa urefu: amekula nini, amelalia upande gani, ametabasamu saa ngapi. Yeye mwenyewe akiulizwa hali ilikuwa ni salamu tu, naye alijibu "Alhamdulillahi" huku mikono ikitafuta vikombe. Kanzu ilikuwa imeanza kumpwaya mabegani, na ni kanzu aliyojishonea mwenyewe, fundi asiyekosea kipimo. Sisi tukausifu uvumilivu wake, tukaomba sukari iongezwe.

Dada ndiye aliyelikata jambo lile. Ijumaa moja tulikuwa tumejaa chumbani, shemeji akaingia na sinia. Sinia likainama, vikombe vikagongana. Dada, ambaye tangu juzi kusema kulikuwa kumemshinda, akamwambia aweke sinia chini na aketi kitandani. Kisha akamuuliza hali yake.

"Alhamdulillahi," shemeji akasema.

"Hiyo ni ya wageni. Mimi ni mkeo. U hali gani?"

Shemeji alijipangusa uso kwa upindo wa kanzu.

"Nimechoka, mke wangu," akasema. "Na naogopa. Ukisinzia tu, mimi natega sikio nisikie kama unapumua."

Hakuna aliyemdharau. Mimi nililia, na sioni haya kusema. Dada hakulia. Alijisogeza ukutani kidogo kidogo, akiusukuma mkono wangu kila nilipotaka kumsaidia, mpaka nafasi ikapatikana. Akamwambia mumewe alale, yeye atakaa macho. Shemeji akajilaza na kanzu yake, na kabla hatujamaliza kukusanya vikombe alikuwa akikoroma.

Mmoja wetu alichukua shuka akaenda kuzifua, mwingine akabandika chakula cha jioni. Jirani aliyechelewa akapiga hodi kwa ile sauti yake ya kuitia kuku, akiuliza mgonjwa anaendeleaje. Dada alikuwa akimpepea mumewe kwa ncha ya leso. Mkono ulikuwa ukimwanguka, naye akiuinua tena.

"Taratibu," akasema. "Ndiyo kwanza amelala."