Seli za Panya na Presha ya Mama

Mwaka 2014 nilikuwa nasoma Dar es Salaam, na kazi yangu ilikuwa kuotesha seli kutoka kwenye mshipa mkuu wa damu wa panya. Ni zile seli zinazofuma nyuzi za ukuta wa mshipa. Nilikuwa nimeshindwa mara mbili. Mara ya tatu zilishika chini ya chupa, nyembamba na ndefu, nikazichungulia kwa darubini kila asubuhi kabla hata ya kunywa chai.

Ndipo dada yangu akapiga simu kutoka Rungwe Mpya.

"Mama kaanguka kwenye maharage. Mdomo umekwenda upande. Tunampeleka Kasulu."

Nilimwachia mwenzangu wa maabara chupa zangu tatu, nikamwandikia siku za kubadilisha maji ya lishe, nikapanda basi. Kesho yake tulipofika Kibondo mtandao ulirudi na ujumbe wake ukaingia: "Chupa mbili zina ukungu. Nifanyeje?" Niliusoma mara tatu. Basi lilipoondoka nikagundua kwamba kwa muda wote ule sikuwa nimemfikiria mama. Niliona aibu, na aibu hiyo nikaenda nayo hadi Kasulu.

Nilimkuta wodini, mkono wa kushoto umelala kando yake kama si wake.

"Mwana wanje," aliniita mwanangu kwa Kiha, taratibu, maneno yakimteleza. "Panya wako umemwachia nani?"

"Panya walishakufa, mama. Ni seli zao ndizo hai."

Alifumba macho. Sikujua kama amenielewa au amechoka.

Muuguzi akaniita pembeni. Mama alikuwa ameacha vidonge vya presha tangu masika. Nilipomuuliza, alijibu, "Nilijisikia mzima. Mzima anameza dawa ya nini?"

Nilikaa kitandani pake nikatafuta maneno. Mambo yale nilikuwa nimeyasoma kwa Kiingereza tu. Mwishowe nikashika kiganja chake cha kulia, kigumu kwa jembe.

"Jembe likisugua, ngozi inafanyaje?"

"Inaota sugu."

"Basi damu ikisukuma kwa nguvu, mshipa nao unafanya hivyo hivyo. Unakuwa mgumu, na wewe husikii maumivu yoyote."

Alikitazama kiganja kwa muda mrefu. "Kumbe nina sugu ndani," akasema. Jioni ile alimeza vidonge bila kubishana na mtu.

Lakini presha haikushuka. Kila muuguzi alipomfunga mkanda wa mashine mkononi, nilihesabu pumzi zangu. Siku ya tatu mwenzangu alipiga simu: chupa ya mwisho ilikuwa safi, ila seli zilikuwa zimeijaza hadi hazina nafasi ya kukua. Ilibidi nirudi kabla ya Jumapili nizigawe mwenyewe kwenye chupa mpya kwa jaribio langu, ambalo hakuna mwingine aliyelijua, la sivyo zingechoka. Seli za namna hiyo hazingoji mtu.

"Zimwage," nilimwambia.

"Una uhakika?"

Sikuwa nao. Nilikata simu, nikarudi kitandani kwa mama.

Siku ya tano presha ilishuka. Mama alirudi nyumbani, mkono ukiwa bado dhaifu, dada akalima badala yake. Mimi nilirudi Dar kuanza na panya wapya, na seli zilipokuja kuota tena nilikuwa mihula miwili nyuma ya wenzangu. Kila asubuhi nilimpigia mama simu kumuuliza kama amemeza dawa. Akichelewa kupokea, nilisimama mbele ya kabati la joto la kuoteshea seli nikiwa nimeshika chupa, nisiweze kuifungua.