Mayai ya Pacha wa Kike

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumamosi, nilimweka binti yangu kwenye karai juu ya mizani, nikasubiri mshale utulie. Ulipotulia nikatoa uzito wa karai: kilo nane na gramu mia tatu. Jumamosi iliyopita ulikuwa vilevile, na ile ya kabla yake vilevile. Nikamtoa, nikamweka pacha wake wa kiume, aliyemtangulia duniani kwa robo saa. Kilo kumi na gramu mia sita. Huyo alikuwa ameongeza gramu mia mbili kwa wiki moja. Wote wawili walikuwa na miezi ishirini, walilala kitanda kimoja, na kwa kadiri nilivyojua walikula chakula kimoja.

Siku iliyotangulia, muuguzi wa kliniki ya watoto alikuwa amenionyesha kadi ya binti. Mstari wake ulipanda vizuri mpaka tulipowaachisha ziwa, kisha ukalala kama barabara ya tambarare.

"Baba," aliniambia, "nakupa wiki nne. Akirudi hapa bila kuongeza nusu kilo, tutamlaza wodini."

Wodi hiyo niliijua kwa habari za mke wangu, ambaye alikuwa mkunga. Watoto walilazwa miguu imevimba na nywele zimegeuka rangi ya kutu, na si wote waliotoka wakitembea. Nyuma ya masikio ya binti yangu nywele zilikuwa zimeanza kupauka. Kwa hiyo hesabu ilikuwa wazi: gramu mia tano, siku ishirini na nane.

Mimi ni fundi wa mizani. Kazi hiyo sikufundishwa shuleni; niliacha masomo darasa la sita, nikajifunza kwa kufungua mizani mbovu na kuzifunga tena, nikiwa na kamusi na kitabu cha maelezo cha kiwandani. Wakati ule nilikuwa na miaka arobaini na nne na kibanda changu kilikuwa karibu na soko la Nakasero. Nilikuja Kampala kutoka mashariki ya Kongo nikiwa kijana, nikaoa Mganda wa Kasubi, na tulikaa Bukoto katika nyumba za chini zilizozunguka uwanja mmoja. Kwa kuwa tulizaa pacha, hakuna aliyeniita jina langu tena. Kwa Waganda baba wa pacha ni Salongo na mama yao ni Nalongo, na heshima hiyo haivuliwi.

Miaka ile ya serikali ya wanajeshi, kulisha watoto wadogo kulitaka mipango. Maziwa yalifika dukani siku moja, yakatoweka wiki mbili. Sukari ilipangiwa foleni. Mke wangu alitoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu kuwahi zamu, nami saa mbili kasorobo, na msichana aliyetusaidia alikuwa amerudi kwao. Nilisoma kijitabu cha kliniki mara tatu, nikajua kwamba mtoto aliyeachishwa ziwa anahitaji protini kila siku, nikatafuta protini inayopikwa haraka na mtu anayechelewa kazini. Nikachagua yai. Yai huiva kwa dakika kumi huku uji ukichemka, na halihitaji kuonjwa chumvi. Kila asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi, niliacha mayai mawili kwenye bakuli, uji ndani ya chupa ya chai, na ndizi za kupika juu ya sigiri. Jioni bakuli lilikuwa tupu.

Aliyebaki na watoto alikuwa mama mkwe wangu. Hapo lazima nieleze jambo. Kwa Waganda, mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawakai chumba kimoja, hawashikani mkono, hata macho hawapambanishi. Anayevunja mwiko huo, wanasema, mikono humtetemeka uzeeni. Sikuwahi kuliamini hilo kwa moyo wote, lakini mtu wa kazi yangu habari ya mikono kutetemeka haibezi. Basi tulikuwa na utaratibu. Alifika kutoka Kasubi mapema, akaketi jikoni kwa jirani yetu. Mimi nikitoka nilikohoa mara mbili. Yeye akageuza uso ukutani, nami nikapita. Jioni mke wangu alitangulia kurudi. Kwa wiki saba mama huyo alilea wanangu, nami sikumwona hata kisigino.

Jumamosi hiyo nilianza na chombo changu. Niliweka jiwe la kilo tano, kisha la kumi. Mizani haikuwa na kosa. Minyoo ilikuwa imetibiwa. Nilimuuliza mke wangu, akasema mama yake analea vizuri kuliko wengi, jambo ambalo sikulipinga. Ilibaki kuona.

Jumatatu nilitoka kama kawaida, nikakohoa, nikaenda mpaka barabarani, kisha saa nne nikarudi kwa njia ya nyuma na kuingia jikoni kwa jirani. Huyo alikuwa mke wa koplo, mwanamke wa kaskazini, mrefu, mwenye watoto sita na Kiswahili cha kambini. Dirisha la jiko lake lilitazama uwanja wetu.

"Salongo," alisema bila kuacha kutwanga, "wewe nafukuzwa kazi?"

"Hapana. Nataka kuchungulia kidogo."

"Kuchungulia mama mkwe? Mikono yako itacheza ngoma. Halafu nani atatengeneza mizani ya watu?"

"Nachungulia watoto."

"Haya, chungulia mtoto. Mzee akitokea mbele, funga macho."

Niliona hivi. Mama mkwe aliketi kwenye mkeka, amenipa mgongo, pacha mbele yake. Alimenya yai la kwanza, akampa mvulana vipande vipande. Akamenya la pili. Nikashusha pumzi. La pili nalo likaenda kwa mvulana. Kisha akachukua ndizi mbivu, akaikata kipande, akakipima kwa macho, akakipunguza ncha zote mbili mpaka kikawa na umbo na ukubwa wa yai, akampa binti. Na kwa vile mvulana alikuwa amekula mara mbili, akakata kipande cha pili, sawasawa na cha kwanza.

Lazima nikiri kwamba usahihi wake ulinipendeza kabla haujanitisha. Kwa desturi yao pacha hawabaguliwi: ukimpa mmoja, mpe na mwenzake, la sivyo nyumba haina amani. Na kwa desturi yao hiyohiyo mwanamke hali yai. Mama huyu alikuwa amekutana na sheria mbili zinazogongana, akazitii zote mbili kwa kisu na ndizi. Ila ndizi, kwa kijitabu changu, karibu haina protini.

"Jirani," nilisema, "niulizie kwa nini mtoto wa kike hapewi yai."

Jirani, aliyemwita mama mkwe wangu Jaja, yaani bibi, akatoka mlangoni na mchi mkononi. Mimi nikasimama nyuma ya ukuta, nimeugeukia. Umbali wetu haukuzidi hatua sita, na kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri, lakini maneno yote yalipita kwa jirani kama barua kwa tarishi.

"Jaja, Salongo nauliza kwa nini msichana hapana kula yai."

Kisha sauti ya mama mkwe, kwa Kiganda, ikiwa na heshima zote:

"Mwambie Salongo kwamba nimemsalimu. Mwambie mtoto wa kike wa nyumba yetu hali yai. Mimi sikula, mama yangu hakula, na nimezaa tisa."

"Jaja, mimi nakula yai tangu mdogo," jirani akadakia, akisahau utarishi, "na mimi nazaa sita, na bado siku ziko."

"Ndiyo sababu mumeo amekonda hivyo. Unamalizia mayai yake."

Jirani alicheka mpaka akaegemea mchi. Nikasubiri, kisha nikasema, "Mwambie Jaja mtoto hajaongeza hata gramu moja kwa wiki mbili. Kliniki inataka kumlaza."

Jirani hakuhitaji kurudia. Nilisikia mkeka ukikwaruza, mama mkwe amesimama.

"Kumlaza nani? Mbona hakuna aliyeniambia?"

Hakuna aliyemwambia, kwa kuwa mimi sikuweza kuzungumza naye, na mke wangu, aliyekula mayai hospitalini na kamwe si mbele ya mama yake, alidhani mama aliyesali kila Jumapili alikuwa ameuacha mwiko huo zamani. Sisi wawili tulikuwa tumeacha bakuli lizungumze kwa niaba yetu.

Ningeweza kubishana. Kijitabu kilikuwa mfukoni. Lakini nilifikiri kwamba mwanamke aliyekuza watoto tisa bila yai lazima aliwapa kitu. Nikasema, "Mwambie Jaja namuuliza: mabinti zake aliwapa nini walipoacha ziwa?"

Jibu lilikuja upesi, tena kwa ukali kidogo.

"Sasa hilo ndilo swali. Wiki saba ananiachia mayai kama mtu wa hoteli, wala haniulizi. Niliwapa karanga, na maharagwe yaliyotolewa maganda, na mukene. Vinatwangwa pamoja, vinafungwa ndani ya jani la mgomba, vinawekwa juu ya ndizi zinazoiva. Huhitaji mkaa mwingine. Ndizi zikiiva na mtoto ameiva."

Mukene ni dagaa wakavu wa ziwani, wadogo kama misumari ya viatu. Soko zima la Nakasero lilinuka mukene. Nilikuwa nikiwapita kila siku nikielekea kutafuta mayai.

"Mwambie Jaja ninunue kiasi gani," nikasema. "Karanga gramu ngapi kwa mukene ngapi?"

"Mwambie Salongo chakula cha mtoto hakiuzwi dukani. Karanga konzi mbili, mukene konzi moja, maharagwe yaliyobaki ya jana. Fungu likiwa kubwa kama ngumi ya mtoto mwenyewe, linatosha."

Mkono wa mtu si kipimo ninachokikubali, lakini siku hiyo niliandika konzi.

Tangu Jumanne utaratibu ukabadilika. Usiku niliroweka maharagwe. Asubuhi nilikaanga karanga na mukene pamoja kwa dakika sita, nikatwanga, nikachanganya, nikafunga mafungu manne kwa majani, mawili kwa kila mtoto, nikayaweka juu ya ndizi kabla sijafunika sufuria. Kazi yote ilinichukua dakika ishirini na tano. Mama mkwe aliyatoa saa nne. Mayai yalisimamishwa kwa wote wawili, ili sheria ya pacha isivunjwe. Mvulana alilia siku mbili na kulipekua bakuli, siku ya tatu akaanza kuiba fungu la dada yake, na Jaja akalazimika kumketisha upande wa pili wa mkeka.

Jumamosi ya kwanza: kilo nane na gramu mia tatu na hamsini. Ya pili: nane na mia tano na hamsini. Jirani alikuja kusoma mshale, ingawa alikiri hajui namba zile.

"Hii kidogo au mingi?"

"Inatosha kwa wiki moja."

"Salongo, wewe kama daktari bila dawa."

Jumamosi ya tatu: nane na mia saba. Tulihitaji nane na mia nane. Kisha, Jumapili, binti akapata mafua. Pua ilimziba, fungu akaligeuzia uso, Jumatatu vilevile. Mama mkwe alituma neno kwa jirani kwamba yeye hakulala kwa wasiwasi, na mimi nilipima mtoto mara mbili kwa siku, jambo ambalo halina faida yoyote. Alishuka mpaka nane na mia sita.

Jirani ndiye aliyeleta njia. Kwao kaskazini hutwanga ufuta, ambao sisi Kampala tunauita simsim, pamoja na karanga zilizokaangwa, mpaka mafuta yatoke na kuwa laini kama siagi. Alitia asali kidogo, akaviringisha vidonge vya ukubwa wa kunde mbili, akampa binti kimoja mkononi, asimlishe.

"Mwache ashike mwenyewe," alisema. "Mtoto mgonjwa napenda kuwa bwana mkubwa."

Binti alikitazama kidonge, akakilamba, akakimaliza, akanyoosha mkono tena. Mama mkwe aliuliza kwa makini kama simsim ni mwiko kwa wanawake wa kabila lolote. Akahakikishiwa siyo. Jumatano alikula vidonge tisa na fungu moja la jani. Alhamisi mafungu yake mawili na nusu ya fungu la kaka yake.

Ijumaa tulimpeleka kliniki, mke wangu amebadilishana zamu. Muuguzi alimweka kwenye mizani, akaandika: kilo nane na gramu mia nane na hamsini. Aligeuza kadi, akatazama nywele, akabonyeza miguu, akasema, "Huyu nendeni naye nyumbani." Mke wangu alikaa kwenye benchi, akambana mtoto kifuani mpaka mtoto akalalamika.

Mimi nilikuwa nimeona kwamba mshale wa mizani ile haukuanzia kwenye sifuri bali nyuma yake. Nilinyamaza mpaka wino ukauke, kisha nikaomba ruhusa, nikakaza skrubu moja kwa ncha ya kisu changu cha mfukoni. Tukampima tena. Nane na mia tisa. Muuguzi aliniuliza kama ninaweza kurudi Jumatatu kutazama na ile ya watu wazima.

Jioni hiyo mama mkwe hakuondoka mapema. Alingoja jikoni kwa jirani, nami nikasimama nyuma ya ukuta wangu nikampa namba. Akazipokea kwa kigelegele kifupi. Mke wangu, akiwa ameketi mlangoni katikati yetu, akataka kujua ni mayai mangapi tuliyomnunulia binti katika wiki zile saba.

"Arobaini na mbili," nilisema, "na lile la Jumatatu nililoliona kwa macho yangu. Arobaini na matatu."

"Mwambieni Salongo," ilisema sauti kutoka jikoni, "hayakutupwa. Yako ndani ya kijana wake. Ampime ataona."

Nilikuwa nimempima. Lakini mayai hayo nilikuwa nimeyanunua kwa ajili ya binti, na yeye hakuonja hata moja. Yalikuwa shilingi moja na senti hamsini kila yai. Hasara: shilingi sitini na nne na senti hamsini.