Foleni ya Wenye Mimba

Ndinda alipoharibikiwa mimba, hakuna aliyempa pole. Kwao Ukambani mtoto ambaye hajapewa jina haliliwi, na wanawake wa kambi ya wachuma kahawa pale Ruiru waliishika desturi hiyo kwa bidii, utadhani ni wao walioitunga. Walizika kilichokuwa cha kuzikwa, wakafagia, wakamwachia uji. Mumewe Kaleli alisema tu, "Tutapata mwingine," kisha akatoka nje akasimama huko akiutazama ukuta. Hakuwa mtu mbaya. Maneno ndiyo yaliyomwishia.

Ndinda alitaka kujua jambo moja. Siku ile alikuwa amebeba debe la buni mbichi kutoka shambani kwenda mizanini, na maumivu yakamshika njiani. Je, ni debe lililomwua mtoto? Kama ni debe, basi aliyemwua ni yeye. Swali hilo lilimkaa rohoni, likamnyima hata hamu ya kula.

Mtu wa kumwuliza alikuwa Gathoni, aliyechuma naye mstari mmoja, na ambaye alipoteza mimba mara nyingi kabla ya kujaliwa pacha. Lakini ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni, na Gathoni na Wakikuyu wenzake walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya kilichozungushiwa handaki. Ndinda alifika mpaka kwenye daraja la mbao, mlinzi akamfokea.

"Wewe Mkamba, huku unatafuta nini? Rudi!"

Angemjibu nini? Kwamba amekuja kuuliza habari za tumbo? Alirudi.

Halafu maziwa yakaja. Aliamka kifua kimejaa, gauni limelowa, naye hakuwahi kuambiwa kwamba maziwa huja hata pasipo mtoto. Alidhani anaadhibiwa. Mtoa dawa wa shamba alimpa vidonge vya malaria bila kuinua macho, akamwambia mambo ya kina mama yana kliniki yake huko Thika: Jumanne wenye mimba, Alhamisi wenye watoto. Na aliyepoteza aende lini? Siku yake haikuwepo.

Basi alipiga moyo konde. Jumanne alipanda lori la shamba, akajifunga leso tumboni kama mwenye mimba, akaketi kwenye foleni ya wenye mimba. Jirani yake kwenye benchi, mwanamke mcheshi aliyeitwa Kamene, tumbo limemtangulia, alimsogezea nafasi. Mtoto mmoja alipolia mlangoni, kifua cha Ndinda kikalowa palepale. Kamene aliona, akacheka.

"Maziwa yako yana haraka, dada! Wako atakuwa mnene huyo."

Ndinda akacheka naye. Angefanyaje?

Nesi Katunge, mama wa makamo aliyevaa kofia nyeupe, alitoka kutoa mafunzo ya siku hiyo. Kuleni mboga, kuleni mayai. "Na msibebe vitu vizito." Benchi zima likaangua kicheko. Maji yatajileta yenyewe? Kuni je? Hata nesi alitabasamu. Ndinda peke yake hakucheka. Alihisi kama amehukumiwa mbele ya watu.

Zamu yake ilipofika, nesi alimfungua leso, akampapasa tumbo. Kisha akasema kwa Kikamba, taratibu, "Humu hamna mtoto, mwanangu."

"Najua. Nataka kujua kama ni debe lililomwua."

Nesi alikaa. Alimwambia maziwa yatakauka yenyewe, asiyakamue, afunge kifua kwa kitambaa. Hilo alilijua vizuri, na Ndinda alilipokea kwa mikono miwili.

"Na debe?"

"Wote walio pale nje wanabeba madebe," nesi alisema. "Wengi huzaa."

"Sasa mbona wangu?"

"Sijui, mwanangu. Ningekuwa najua ningekuambia." Akamshika mkono kidogo. Nje foleni ilikuwa bado ndefu.

Kamene alikuwa langoni akimngoja, na miguuni pake gunia la mahindi aliyonunua sokoni kabla ya kliniki.

"Wamekuambia utajifungua mwezi gani?"

"Wa nane," Ndinda alisema. Ndio ambao wake angezaliwa.

"Basi wangu atamtangulia wako kidogo tu! Haya, nitwike nikimbie, nyumbani bado hawajala." Kamene akaukaza mkanda wa kubebea gunia mgongoni kwenye paji la uso, akainama.

Ndinda aliliangalia gunia lile, akaliangalia tumbo la Kamene. 

"Wacha nikubebee mimi."

"Wewe?" Kamene alicheka mpaka akashika kiuno. "Na hiyo mimba yako? Hukusikia nesi alivyosema? Nitwike bwana, jua linakuchwa."

Kuusema ukweli hakuweza, na kama gunia ni hatari au si hatari hakujua; hata nesi aliyesomea hakujua.  Kisha akainama, akalishika gunia kwa chini, akamtwika.