Silvano Anatulia kwenye Rangi Moja

Wananchi wa Lushoto na vitongoji vyake mnatangaziwa, kwa taadhima yote na bila kipaza sauti, kwamba Silvano, dereva wa bodaboda wa kijiwe cha stendi, ameacha kubadili rangi ya magurudumu. Wenye presha wakae chini kwanza.

Maana Silvano hakuwa mtu wa kutulia. Pikipiki za kijiweni zote zilikuja na rimu nyeusi, halafu tope la milimani likazifanya ndugu wa tumbo moja. Jambo hilo lilimwasha. Akapaka rimu nyekundu; tope nalo jekundu, hakuna aliyeona. Akapaka kijani, akaulizwa anagombea kata gani. Akajaribu waridi, akashinda kutwa akieleza kuwa ni nyekundu iliyopauka. Hata akiwa na abiria aliinama kulitazama gurudumu la mbele likizunguka, na kona za kushukia Soni hazitaki mtu wa kuinama.

Ndipo akampenda Loveness, fundi cherehani wa Vuga. Mama yake Loveness, Dorothea, Mlutheri asiyekosa ibada, akatoa hukumu uani:

"Mtu anabadili rangi kila akiamka, mke naye hatambadili? Achague moja, akae nayo. Akishindwa, asinipandie mlima tena."

Silvano akachagua manjano, akaapa kubaki nayo. Vidole vikamwasha. Akipita duka la rangi aligeuza uso upande wa pili, kama anayekutana na mchumba wa zamani sokoni. Lakini akashikilia.

Tatizo likawa Aron, mwenzake wa kijiweni. Aliyatazama yale manjano wiki nzima, kisha naye akapaka.

"Futa hiyo!" Silvano akafoka.

"Kwani manjano ni shamba la baba yako?"

Jumapili mama Dorothea anatoka ibadani, akaona magurudumu ya manjano nje ya kilabu cha boha, ile pombe ya miwa. Namba ya pikipiki imezibwa na tope. Hakuingia kuuliza. Jioni Loveness akapiga simu.

"Mama anasema ulikuwa unalewa watu wakisali."

"Mimi? Nilikuwa Bumbuli, nimepeleka mgonjwa hospitali!"

"Magurudumu yalikuwa ya manjano, Silvano."

Akaizunguka pikipiki yake mpaka kuku wakampisha. Akibadili rangi, kiapo kimevunjika na Loveness anamkosa. Asipobadili, kila kikombe cha Aron atakinywa yeye. Kulipokucha akamfuata Aron, akamwambia awashe pikipiki, wakapanda Vuga wote wawili.

"Shikamoo mama," walisema kwa pamoja.

"Marahaba." Mama Dorothea akatazama magurudumu manne ya manjano yaliyopangana uani. Akakunja kanga yake kiunoni. "Mlevi ni yupi?"

Aron akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Ni mimi, mama. Lakini kidogo."

Loveness akaziba mdomo kwa kitambaa alichokuwa anashona. Mama akaingia ndani, akarudi na kopo la rangi lililotumika nusu.

"Mlango wangu naupaka hii kila Krismasi. Paka. Nikiikuta inazurura, nitajua ni ya kwangu."

"Na kiapo, mama?"

"Nimebadili mimi. Wewe hujabadili kitu."

Keshoye pikipiki ikaingia kijiweni na magurudumu ya buluu nzito, yenye mabonge, mpaka kwenye spoki. Aron akapanda juu ya ndoo.

"Waheshimiwa! Baada ya kuhangaika na rangi zote za duniani, ndugu yetu ameipata rangi ya nafsi yake! Silvano, waambie wananchi: roho yako imeona nini katika buluu hii?"

Silvano alikuwa amechuchumaa, anakwangua bonge moja kwa ukucha.

"Ni ya mlango wa mama mkwe," akasema. "Ilibaki."