Kipaza Sauti cha Bwana Shauri

Nimechoka, lakini niseme. Juzi hapa Mwaya nilipewa kipaza sauti cha gari la Bwana Shauri, ofisa wa wilaya, nitangaze sindano za kisonono. Mimi mzee wa kanisa, neno lenyewe likanishinda. Nikasema, "Wanaume mliotoka migodini na ule uchovu, njooni mtibiwe."

Mwanangu Ambakisye alikuwa ametoka migodini wiki ileile, mzima wa afya. Mkewe, kwa mila yetu, haonani wala hasemi nami, baba mkwe wake. Aliisikia sauti yangu akiwa migombani, akafunga mzigo, akaenda kwao Busale.

Leo baba yake amekuja. Chai ameikataa.

"Ndaga, mkwe, asante kwa kumwonya binti," akasema taratibu. "Najua mila inakukataza kusema naye. Ila hukuwa na mtu wa kumtuma?"