Dakika Tisa za Yaya Fabrice

Enzi zetu sisi tuliokulia Schaerbeek, mtaa wa Brussels, nyumba ilikuwa na televisheni moja, na televisheni hiyo ilikuwa na mwenyewe. Kwetu mwenyewe alikuwa Papa. Watoto wa siku hizi nikiwaambia hivyo wananitazama kama nimesema tulikuwa na mswaki mmoja. Wao kila mtu ana kioo chake mkononi, anaangalia anachotaka, akichoka anakizima na kulala. Raha ya kupigania kitu hawaijui.

Juzi binamu yangu aliyehamia Amerika aliniambia kwamba huko mpira wa vyuo na mpira wa kulipwa vinagombania watazamaji wa televisheni, mpaka vimegawana siku: vyuo Jumamosi, wa kulipwa Jumapili, ili visinyang'anyane watu. Mpira wenyewe ni ule wao wa kubeba mikononi, lakini hiyo si hoja. Alinieleza kama jambo geni, nami nikacheka. Vita hiyo sisi tulikuwa nayo sebuleni, ghorofa ya tatu, na hakuna aliyetugawia siku. Yote ilipiganwa Jumapili saa tisa alasiri, baada ya misa na baada ya bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu.

Upande wa mpira wa kulipwa tulikuwa mimi na mdogo wangu Carine. Upande wa mpira wa collège alikuwa Papa peke yake, lakini rimoti alikuwa nayo yeye. Collège kwa watu wa kwetu ni shule ya sekondari ya mapadri, ile ambayo aliyeisoma atakutajia kabla hujamaliza kumsalimu. Papa aliisoma moja ya Lubumbashi, na kaka yetu mkubwa Fabrice, ambaye kwa heshima tunamwita yaya, alikuwa bado anasoma palepale. Sisi wengine tulipomfuata Papa Brussels, yeye aliachwa kwa bibi ili apate diplôme kwanza. Uamuzi ulikuwa wa Papa. Ulikuwa uchukue mwaka mmoja. Makaratasi yakaanza kuzunguka ofisi hadi ofisi, ikawa minne.

Huko Lubumbashi kituo kimoja kidogo cha televisheni kilikuwa kinaonyesha mechi za shule. Jirani wa bibi alikuwa na mashine ya video, akawa anaturekodia, na kila alipopatikana mtu wa kupanda ndege, kaseti ilikuja Brussels sandukuni pamoja na kapenta, vile visamaki vikavu vya kwetu. Kwa hiyo kaseti zote zilinuka kapenta. Mashine ikishapata moto, baada ya dakika kumi hivi, sebule nzima ilinuka soko. Mpaka leo nikipita kwenye maduka ya Waafrika karibu na barabara ya Chaussée d'Ixelles, nikakutana na harufu ile, nasikia filimbi ya refa.

Ukweli kuhusu kipaji cha yaya Fabrice lazima niuseme: alikuwa mchezaji wa akiba. Kamera ilikuwa moja tu, na aliyeishika alifuata mpira anavyoweza, mara nyingi kachelewa. Mpira ukienda kushoto, benchi lilionekana sekunde mbili tatu, vijana saba kwenye ubao, wa tatu yaya wetu. Papa hakuwa na habari na mpira. Benchi likipita, alirudisha nyuma, akasimamisha picha, nayo ikatetemeka na mistari myeupe, huku yeye amesogea mpaka pua karibu iguse kioo.

"Ona, anarefuka," alimwambia Maman, kidole kwenye suruali. "Pantalon ya training ishakuwa fupi."

"Anakonda," Maman alijibu kila Jumapili. "Mama yako hamupatiake chakula."

Jirani yetu, tonton Alphonse, mjomba wa watoto wote wa jengo, mtu wa Bukavu, naye alikuja kuangalia. Alikuwa amesoma collège ya kwao, kwa hiyo timu hizi hazikumhusu ndewe wala sikio, na kwa sababu hiyohiyo alishangilia timu yoyote iliyopambana na ya Papa. Aligombana na refa wa mechi iliyochezwa miezi miwili nyuma. "Mais non! Penalty gani iyo? Muntu ameanguka yeye mwenyewe!" Refa hakuwahi kubadilisha msimamo.

Na wakati wote huo, kwenye chaneli nyingine ya televisheni ileile, mpira wa kulipwa ulikuwa unachezwa moja kwa moja. Nyasi zilikuwa za kijani kweli, kamera hazihesabiki, goli moja linaonyeshwa mara tano. Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele, uwanja wa shule ulikuwa hauna hadithi nyingine. Sisi wasichana tulikuwa na nzango yetu, ule mchezo wa kupiga makofi na kurusha miguu, niliowafundisha Elif na wenzake wa Kituruki mpaka wakanishinda. Lakini hata Elif alikuwa na timu yake, na alikuwa ananiuliza: "Jana uliona?" Ningemjibu nini? Kwamba niliona benchi?

Nilijaribu kuomba. Nilimwambia Papa anipe hata dakika kumi, za mwisho tu. Jibu lake nalikumbuka neno kwa neno, maana alilitoa bila hasira, macho yakiwa kwenye kioo.

"Bale banalipwa, Nadège. Bon, balipwe. Uyu hakuna mwenye kumulipa. Kama siye hatumuangalie, nani atamuangalia?"

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilikwenda chumbani nikanuna, na hakuna aliyeniona.

Mwaka wa mwisho wa yaya shuleni ikaja kaseti ya fainali. Ilianza na hotuba za mapadri na wakubwa wengine, dakika arobaini bila huruma. Kamera ilikuwa imehamishiwa upande wa pili, benchi halikuonekana kabisa, na Papa alitazama kipindi cha kwanza chote akiwa na uso wa mtu aliyeibiwa. Halafu, dakika ya themanini na moja, mwenzao mmoja alishikwa na msuli, na aliyesimama kando ya mstari akivuta soksi juu alikuwa yaya Fabrice. Alicheza dakika tisa. Aligusa mpira mara nne: pasi moja ya nyuma, mpira mmoja wa kurusha, kichwa kimoja kilichotoka nje, na mbio moja ya hatua kama kumi kabla ya kuangushwa. Papa alizitazama dakika zile amesimama wima kama wanaimba wimbo wa taifa. Hata tonton Alphonse alimsahau refa.

Kuanzia hapo Jumapili zetu zilikuwa kaseti ile. Papa alivunja kile kipande cha plastiki mgongoni mwake ili mtu asiweze kurekodi juu yake, na ubavuni akaandika kwa wino mwekundu: FABRICE, 81.

Sasa nije kwenye dhambi yangu. Ilifika Jumapili ya mechi ya kuamua ubingwa, na Jumapili hiyohiyo tukaalikwa ubatizo kwenye ukumbi wa parokia, hatua chache kutoka nyumbani. Nikapanga kuirekodi mechi. Kaseti tupu hatukuwa nayo. Zile nyingine zote zilikuwa na benchi, yaya yumo mwanzo mpaka mwisho. Ya fainali peke yake ilikuwa na saa mbili na robo ambazo yaya hayumo. Hesabu niliijua vizuri: mechi pamoja na mapumziko ni saa moja na dakika arobaini na tano. Ilibaki nusu saa nzima kabla ya dakika ya themanini na moja. Niliwafuta mapadri moyoni mwangu bila majuto.

Saa tisa kasoro nilitoroka ukumbini na ufunguo wa Maman, nikaziba lile tundu la mgongoni kwa utepe wa kunata, nikabonyeza, nikarudi kwenye sherehe. Mashine yenyewe ilikuwa na saa, lakini tangu inunuliwe ilikuwa inawaka sifuri tupu, hakuna aliyejua kuipanga. Ilikuwa lazima nirudi mwenyewe kuizima. Sikuwa na wasiwasi. Kadi ya mwaliko ilisema sherehe ni saa sita mpaka saa kumi.

Mkongomani mwenye akili timamu anajua kwamba kadi ya mwaliko haitaji saa, inataja nia tu. Saa kumi chakula kilikuwa bado njiani. Saa kumi na moja kasoro, nikiwa nimeshafika mlangoni, Maman alinishika bega na kuniwekea mapajani mtoto aliyebatizwa. "Umushike kidogo tu, mama yake akule." Mama yake alikula, akacheza, akapiga picha na watu wote. Mtoto alilala. Nilikaa na yule malaika mpaka miguu ikafa ganzi, nikijua kabisa kinachoendelea nyumbani.

Jumapili iliyofuata Papa aliingiza kaseti. Zikatokea nyasi za kijani.

"Iyi ni nini?" aliuliza, akadhani amekosea kaseti. Aliitoa, akasoma maandishi yake mwenyewe, akairudisha. Akaipeleka mbele haraka. Mechi ikaisha, wachezaji wakahojiwa, ikaja hali ya hewa, kisha akatokea bwana mmoja mwenye buti za mvua anafundisha namna ya kupogoa mawaridi. Hapo Papa akaacha kupeleka mbele. Alimtazama yule bwana kwa mwendo wa kawaida, tawi baada ya tawi, kwa matumaini kwamba mwishoni kabisa kuna kitu kilichobaki. Mwishoni kulikuwa na kioo cha buluu.

Maman aliniangalia mimi. Mama huwa anajua.

"Ni miye, Papa," nikasema.

Nilingoja kelele, nilingoja hata kofi, na nadhani ningevipokea kwa shukrani. Papa akasema tu, "Neuf minutes, Nadège. Dakika tisa." Akabadilisha chaneli, akaweka mpira wa kulipwa, akaniwekea rimoti mkononi, akaenda kukaa jikoni. Yaani nilishinda. Carine na mimi tuliitazama mechi ile mpaka mwisho, na mpaka leo siwezi kukuambia nani alicheza na nani. Sijawahi kuona aibu kama ile, na nina umri wa kutosha kulinganisha.

Papa alimtuma mtu Lubumbashi aombe nakala kwa jirani. Jirani hakuwa na nyingine. Akaomba kwenye kituo chenyewe, nao walikuwa wamesharekodi juu ya kaseti yao. Walirekodi mpira wa kulipwa.

Yaya Fabrice alifika Brussels miaka miwili baadaye, mwanaume mzima mwenye ndevu, na mpira ulikuwa umeshamtoka. Papa hakumwambia nani alifuta. Nilimwambia mwenyewe, miaka mingi mbele, tukiwa kwenye foleni ya frites, chipsi za huku, pale uwanja wa Flagey. Alicheka kwanza. Kisha akauliza, "Ni neuf minutes tu? Miye ku kichwa ilikuwaka quinze, kumi na tano." Akaipokea frites yake, akala, na alipomaliza akasema angependa sana kujiona hata mara moja.

Siku hizi Papa ni mzee, lakini ghorofa ni ileile, na ukutani kuna televisheni pana kama meza ya kulia, yenye chaneli ambazo hajawahi kuzifikia mwisho. Jumapili tukikutana kwake hakuna anayeigombania. Yaya Fabrice anaangalia mpira wa kulipwa kwenye simu yake. Mtoto wa Carine anaangalia mechi ya jana ya vyuo vya Amerika kwenye yake, ana timu kabisa, ya mji ambao hajui uko wapi. Carine anaangalia mapishi. Amani tupu, na mimi amani hiyo inanichosha. Wakati ule tulikuwa watu watano tunagombania kioo kimoja, na tulikuwa tunamwona kila Jumapili mtu ambaye hayupo. Sasa yupo, amekaa kwenye kiti, na hakuna anayemtazama.

Jumapili iliyopita binti yake Grâce, ana miaka tisa, aliinua macho kutoka kwenye simu.

"Papa, ni vrai ulichezaka mpira? Fais voir la vidéo, nione."

"Haiko," yaya akajibu.

"Ah bon. Donc ni blague."

Utani, yaani: kwao jambo lisilo na video halikutokea. Lakini Papa alisikia. Alizima televisheni, akageuza kiti. "Video ilikuwako," alisema. "Miye niliiona. Quatre-vingt-unième minute, dakika ya themanini na moja, baba yako anavuta soksi..." Na akaanza. Hadithi hii naijua, na najua pia jinsi ilivyokua. Zamani ilikuwa na pasi ya nyuma. Mwaka juzi pasi hiyo ilikuwa ya mbele. Mwaka jana kile kichwa kiligonga mwamba. Safari hii mbio hazikuishia hatua kumi; hakuna aliyemwangusha; na yaya Fabrice, mbele ya mapadri na wakubwa wote, alifunga goli.

Yaya alikuwa anaangalia viatu vyake. Hakumsahihisha.

Grâce akanigeukia mimi. "Tantine, ni vrai?"

Carine alikuwa mdogo mno, na duniani waliobaki wanaoijua kaseti ile kwa moyo ni wawili, mzee wangu na mimi niliyeifuta. Nikamwambia ni kweli, nililiona, kwa mguu wa kushoto.

Alitafuta kidogo kwenye simu yake, hakupata kitu. Akailaza mezani kifudifudi, akaburuta kiti chake mpaka magoti yake yakagusana na ya babu yake.

"Koko," akamwambia, "rudilia pale anaingia."